Waziri wa Ulinzi: Raia mwenye kauli juu ya majeshi

KATIKA eneo la Yamumbi, viungani mwa jiji la Eldoret, mwanajeshi si mgeni. Eldoret ndiko iliko Kambi ya Moi, ambako makuruta wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) hufunzwa na kufuzu. Eldoret pia ndiko kiliko kiwanda cha risasi cha serikali, ambacho kimo chini ya Wizara ya Ulinzi.

Lakini Yamumbi ina kumbukumbu nyingine isiyofutika upesi. Eneo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyokumbwa na ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilipoorodhesha maeneo ya Eldoret yaliyohusishwa na kesi ya ghasia hizo, Yamumbi ilitajwa pamoja na Huruma, Kiambaa, Kimumu na Langas. Kesi hiyo ilikatizwa Aprili 5, 2016, majaji walipoamua kwa wingi wa kura kwamba ushahidi haukutosha.

Kwa wakazi wa eneo kama hilo, swali la nani mwenye mamlaka ya kuwatoa wanajeshi kambini si la mawakili na wabunge pekee. Ni swali la usalama wa nyumba, shamba na uhai wa mtu.

Jibu la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni kwamba mamlaka hayo hayamo mikononi mwa majenerali. Kifungu cha 239 kinasema wazi kuwa vyombo vya usalama wa taifa viko chini ya mamlaka ya kiraia. Baada ya Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, raia wa kwanza katika ngazi hiyo ni Waziri wa Ulinzi.

Waliowahi kushika wadhifa

Tangu uhuru, wadhifa huo umeshikwa na watu wa taaluma mbalimbali. Dkt Njoroge Mungai, aliyeusimamia katika miaka ya 1960, alikuwa daktari. James Gichuru, aliyemfuata, alikuwa amewahi kuwa mwalimu. Njenga Karume, aliyeteuliwa katika serikali ya Rais Mwai Kibaki, alijulikana zaidi kama mfanyabiashara. Yusuf Haji, aliyeushika kuanzia 2008 hadi 2013, alikuwa mkuu wa mkoa kabla ya kuingia katika siasa.

Raychelle Omamo, wakili aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Chama cha Mawakili nchini (LSK), aliteuliwa mwaka 2013 na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza wizara hiyo. Walioteuliwa baada yake ni Dkt Monica Juma mwaka 2020, Eugene Wamalwa mwaka 2021 na Aden Duale mwaka 2022. Agosti 2024, Duale alihamishiwa Wizara ya Mazingira na nafasi yake ikachukuliwa na Soipan Tuya, ambaye pia ni wakili.

Kwa miaka mingi, masuala ya ulinzi yaliendeshwa kama idara katika Ofisi ya Rais, na waziri mhusika alikuwa mbunge. Katiba ya sasa ilibadilisha utaratibu huo. Waziri huteuliwa na Rais, akapigwa msasa na Bunge la Kitaifa, wala hawezi kuwa mbunge wakati uo huo. Ndiyo maana Duale alilazimika kukiacha kiti chake cha Garissa Mjini ili aingie katika Baraza la Mawaziri.

Mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi

Nguvu ya Waziri haitokani na kuamuru vikosi vitani. Hiyo ni kazi ya Mkuu wa Majeshi, ambaye pia ndiye mshauri mkuu wa Rais kuhusu masuala ya kijeshi. Nguvu ya Waziri hutokana na kiti chake katika mabaraza mawili.

La kwanza ni Baraza la Ulinzi, lililoundwa na kifungu cha 241. Waziri ndiye mwenyekiti. Wanachama wengine ni Mkuu wa Majeshi, makamanda wa Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji, pamoja na Katibu wa Wizara. Baraza hilo ndilo lenye jukumu la sera kwa jumla, udhibiti na usimamizi wa KDF.

Ukihesabu walioketi mezani, wanajeshi ni wanne na raia ni wawili. Hata hivyo, anayeongoza kikao ni raia.

La pili ni Baraza la Usalama wa Kitaifa, ambalo mwenyekiti wake ni Rais. Humo Waziri wa Ulinzi huketi pamoja na Naibu Rais, mawaziri wa mashauri ya kigeni na usalama wa ndani, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi Mkuu wa Ujasusi na Inspekta Jenerali wa Polisi. Ni baraza hilo ambalo, kwa idhini ya Bunge, linaweza kupeleka wanajeshi nje ya nchi au kuruhusu majeshi ya kigeni kuingia nchini.

Katibu, mlinzi wa mkoba

Mara nyingi Katibu wa Wizara hasikiki hadharani, lakini ndiye anayewajibikia kila shilingi ya wizara. Chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, yeye ndiye hujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na ya kamati za Bunge kuhusu ununuzi, mishahara na miradi.

Uzito wa nafasi hiyo ulionekana tangu zamani. Jeremiah Kiereini alikuwa Katibu wa Kudumu wa Ulinzi katika miaka ya 1970, na baadaye akapanda hadi kuwa mkuu wa utumishi wa umma. Huyo naye hakuwa mwanajeshi.

Sera yenyewe huandikwa kwa ushirikiano wa raia na maafisa wa jeshi. Mwaka 2017, Kenya ilizindua kwa mara ya kwanza waraka rasmi wa sera ya ulinzi uliowekwa wazi kwa umma. Raia wa kawaida akapata mahali pa kusoma ni vitisho vipi serikali inaviona na inakusudia kutumia jeshi lake namna gani.

Funzo la Lanet na la 1982

Desturi ya kuweka raia juu ya majeshi haikuzuka bila sababu. Januari 1964, wanajeshi wa Tanganyika, Uganda na Kenya waliasi mmoja baada ya mwingine katika muda wa siku chache. Nchini Kenya, maasi hayo yalitokea katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, wiki chache tu baada ya uhuru.

Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa kikosi cha wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Jaribio hilo lilizimwa, na kikosi hicho kikavunjwa na kuundwa upya.

Matukio hayo yalifunza kwamba jeshi lisilo na msimamizi wa kiraia ni hatari kwa serikali. Miaka iliyofuata ilifunza jambo la pili: kwamba serikali yenye jeshi lisilohojiwa na mtu inaweza kuwa hatari kwa raia.

Machi 2008, wakati Bonde la Ufa lilipokuwa bado linauguza majeraha ya ghasia za uchaguzi, wanajeshi walipelekwa Mlima Elgon kupambana na kundi la wapiganaji la SLDF, lililokuwa limewaua na kuwatesa wakazi. Kundi hilo lilisambaratishwa. Hata hivyo, mashirika ya kutetea haki za binadamu, likiwemo Human Rights Watch, yalidai kuwa wanaume wengi walikamatwa na kuteswa na wanajeshi. Jeshi lilikanusha madai hayo.

Wakati huo Katiba haikuwa na kifungu kilichoitaka serikali kwenda Bungeni kuomba idhini kabla ya kutumia jeshi kurejesha amani ndani ya nchi.

Milango mitatu ya kifungu cha 241

Katiba ya 2010 iliweka milango mitatu. Wa kwanza ni ulinzi wa uhuru na mipaka ya nchi, ambao ndio kazi ya msingi ya KDF.

Wa pili ni kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa. Hapa jeshi laweza kutoka kwanza, na Bunge la Kitaifa likaarifiwa.

Wa tatu ni kurejesha amani katika sehemu yoyote ya nchi iliyokumbwa na machafuko. Mlango huu haufunguliwi pasipo idhini ya Bunge la Kitaifa.

Tofauti kati ya mlango wa pili na wa tatu yaweza kuonekana ndogo katika karatasi, lakini ndiyo kiini cha jambo lote. Kuarifu si kuomba ruhusa. Waziri anapoandika notisi ya kuwatoa wanajeshi, neno analolichagua, dharura au machafuko, ndilo huamua kama wawakilishi wa wananchi watasikilizwa kabla au baada.

Februari 2023, Waziri Duale alichapisha notisi katika Gazeti Rasmi la Serikali kuruhusu KDF kuwasaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Kifungu alichotaja kilikuwa kile cha dharura. Suala hilo lilifikishwa Bungeni, nao wabunge wakaunga mkono hatua hiyo. Kwa wakazi wa Uasin Gishu, operesheni hiyo ilikuwa jirani, kwa kuwa Elgeyo Marakwet na Baringo zinapakana na kaunti yao. Aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet mnamo Aprili 18, 2024, akiwa katika ziara ya kuwatembelea wanajeshi waliokuwa katika eneo hilo.

Juni 25, 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, Waziri huyo alitoa notisi nyingine. Safari hii haikuhusu kaunti chache za wafugaji, bali nchi nzima. Kesho yake Bunge la Kitaifa likaidhinisha hatua hiyo.

LSK kilikimbilia Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakusimamisha hatua hiyo, lakini aliiamuru serikali ieleze hadharani upeo wa kazi ya wanajeshi na muda wao. Kwa maneno mengine, mahakama ilimkumbusha Waziri kuwa sahihi yake ina mipaka, na kwamba mipaka hiyo sharti ijulikane na anayekutana na mwanajeshi barabarani.

Hali katika nchi jirani

Nchini Tanzania, Dkt Stergomena Tax, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa SADC, aliteuliwa Septemba 2021 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Uganda imefuata njia tofauti kidogo. Huko jeshi lina wawakilishi wake 10 bungeni, ingawa waziri wa ulinzi aliyeteuliwa mwaka 2021, Vincent Ssempijja, ni raia.

Kenya haikuwapa wanajeshi viti bungeni. Kinyume chake, Katiba inakataza vyombo vya usalama kuegemea chama chochote au kuendeleza maslahi ya kisiasa. Hivyo mwanajeshi hana sauti Bungeni isipokuwa ile ya Waziri, na raia hana njia nyingi za kuliuliza jeshi swali isipokuwa kupitia kwa Waziri huyo huyo.

Kwa nini Yamumbi ijali

Aliyepoteza nyumba katika ghasia za 2008 ana haki ya kuuliza kwa nini nguvu zote za serikali hazikufika mapema kumwokoa. Mzazi wa Mlima Elgon ambaye mwanawe hakurejea ana haki ya kuuliza ni nani aliyewajibika wanajeshi walipofika. Maswali hayo mawili yanaonekana kuvutana, lakini anayestahili kuyajibu yote mawili ni mmoja.

Waziri akichelewa kutia sahihi, raia wanaweza kufa mikononi mwa majirani wao. Akitia sahihi bila kuhojiwa, wanaweza kuumia mikononi mwa wale waliotumwa kuwalinda. Katiba haikumwondolea mzigo huo. Ilichofanya ni kumwekea mashahidi: Baraza la Ulinzi kabla ya uamuzi, Bunge wakati wa uamuzi, na mahakama baada yake.

Mashahidi hao wana maana tu ikiwa watauliza. Mbunge anayepiga kura ya kuidhinisha kutumwa kwa wanajeshi kabla ya kujua wataenda wapi na watarudi lini huwa ameuacha wazi mlango ambao Katiba ilimkabidhi ufunguo wake. Na mpiga kura wa Yamumbi, kama yule wa Kapenguria au Garissa, ana haki ya kumuuliza mbunge wake alipigaje kura siku hiyo.