Tunduma na Uamuzi wa Kusimama Mara Moja

Mpaka unaopita kati ya Tunduma, upande wa Tanzania, na Nakonde, upande wa Zambia, ulitokana na mkataba wa 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Ulipata uzito wa kibiashara baada ya 1965, Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru na Zambia, iliyotegemea njia za kupitia huko, ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kufikia bahari. Barabara ya Tanzam na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ziliifanya Tunduma kuwa lango la shaba, mafuta na mbolea.

Ukaguzi, hata hivyo, ulibaki wa nchi mbili zilizopeana mgongo. Lori lenye mzigo wa Lubumbashi, Kongo, lilisimama Tunduma kwa forodha na uhamiaji wa Tanzania, likasogea hatua chache, kisha likasimama tena Nakonde, nyaraka zilezile zikapitiwa upya. Foleni ilirudi nyuma mjini, na dereva na utingo wake wakalala chini ya tela.

Dawa ilikwishajaribiwa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, Desemba 2009: msafiri asimame upande anaoingia tu, akutane na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Kuukubali utaratibu huo Tunduma kulihitaji zaidi ya majengo. Ofisa wa Tanzania aliyeketi Nakonde alipaswa kuwa na mamlaka ya kutumia sheria ya Tanzania katika ardhi ya Zambia, na kinyume chake. Zambia ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 2009. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata yake 2016, lakini Zambia si mwanachama wa Jumuiya, hivyo ilibidi nchi hizi mbili zielewane zenyewe. Hapo ndipo penye uzito wa uamuzi wenyewe: serikali kukubali mgeni avae sare na kugonga mihuri ndani ya mipaka yake.

Marais John Magufuli na Edgar Lungu walikizindua kituo cha pamoja Oktoba 2019. Uamuzi huo haukuifuta mamlaka ya kila nchi. Mei 2020, maambukizi ya korona yalipoongezeka Nakonde, Zambia iliufunga mpaka kwa siku chache, na malori yakapanga foleni upya.