Upendeleo Ulio Ndani ya Swali: KBC, Dini na Migogoro kwa Msikilizaji wa Kajiado

Kifungu cha 34(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinavitaka vyombo vya habari vya serikali visipendelee upande wowote na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Kifungu cha 8 kinasema nchi haina dini ya serikali. Hata hivyo, kila baada ya shambulio la al-Shabaab, malalamiko ya Waislamu dhidi ya vyombo vya habari, Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) likiwamo, huzuka upya. Kwa maoni yangu malalamiko hayo yana msingi, ila upendeleo unatafutwa mahali pasipofaa.

Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, inafaa kwa kulipima jambo hili. Mji huu wa barabara ya Namanga umekua kwa kasi, na ndani yake wanaishi Wamaasai, Wakamba, Wakikuyu, Wasomali na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River. Kinyozi Mkristo na mteja Mwislamu husikia taarifa ya saa moja jioni kutoka redio moja. KBC ina Radio Taifa kwa wote, Nosim FM kwa Kimaasai na Iftiin FM kwa Kisomali. Swali la mtangazaji likimlenga mmoja wao, mwenzake analisikia pia.

Uchambuzi wa upendeleo huishia mara nyingi kwenye kuhesabu maneno: “gaidi” limetajwa mara ngapi, “Mwislamu” mara ngapi. Kipimo hicho hakitoshi. Mnamo tarehe 2 Aprili 2015, wauaji wa al-Shabaab walioingia Chuo Kikuu cha Garissa waliwatenga Wakristo na Waislamu, na watu 148 wakafa. Kuitaja dini hapo ni wajibu, kwani wauaji wenyewe ndio walioifanya kigezo. Tatizo huanza kwenye mahojiano yanayofuata: askofu huombwa awafariji waliofiwa, sheikh huulizwa kama analaani. Swali la pili limekwisha kumweka anayejibu upande wa mshukiwa kabla hajafungua kinywa.

Linganisha na Shakahola, mwaka wa 2023, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi. Rais William Ruto alimfananisha mhubiri huyo na magaidi na kusema mahali pake ni gerezani. Ni kweli wachungaji nao walibanwa: liliundwa jopo likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, na makanisa mengi yakapinga udhibiti. Lakini mjadala ule ulihusu leseni na mafundisho potofu. Muumini wa kawaida wa Kitengela hakutakiwa athibitishe kwamba anaipenda Kenya. Tofauti hii ni kubwa kuliko idadi yoyote ya maneno.

Mhariri anaweza kujitetea kwamba habari za usalama hutoka kwa polisi, naye hana chanzo kingine usiku wa tukio. Utetezi huu una uzito, lakini unafichua kasoro ya taasisi. KBC ni chombo cha serikali, na historia yake imeacha shaka: tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alitangaza matokeo ya urais mbele ya kamera za KBC pekee. Operesheni Usalama Watch ya 2014 ilipowakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, katika uwanja wa Kasarani, msikilizaji alihitaji kuwasikia waliokamatwa kwa muda uleule aliopewa msemaji wa serikali. Chombo kinachosimama karibu na polisi hurithi pia macho ya polisi.

Wahariri wa KBC wana kazi wanayoweza kuianza bila kungoja sheria mpya. Dai la kidini la muuaji litangazwe kama dai lake. Sheikh na mchungaji waulizwe swali lilelile. Na tukio la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo Waislamu waliosafiri kwa basi huko Mandera walikataa kutengwa na Wakristo waliposhambuliwa na al-Shabaab, jambo ambalo mwalimu Salah Farah alililipia kwa uhai wake mwezi uliofuata, liwekwe katika kumbukumbu za shirika kama sehemu ya habari ya vita hivi, wala si kama kisa cha kuliwaza.