Makaa ya Ngaka na Kijana Mhandisi

Kijana wa Mbinga anayetaka kuwa mhandisi wa nishati amezaliwa juu ya somo lenyewe. Makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa, yalijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Stockley, mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, aliyaandikia taarifa. Lakini uchimbaji mkubwa wa Ngaka, wilayani Mbinga, ulianza 2011. Kwa miaka 80 hivi makaa yalilala ardhini, na wenye ardhi wakawasha koroboi.

Kilichokosekana ni nini? Makaa yalikuwapo. Ilikosekana njia. Mtambo wa makaa hujengwa penye watumiaji wengi, au penye waya mkubwa wa kuwafikishia umeme huko waliko. Mbinga haikuwa na kimojawapo. Kwa hiyo mji ulitegemea jenereta za dizeli, na mafuta yaliletwa kwa malori kutoka mbali.

Wasomi nao walifuata waya. Kabla ya Kitivo cha Uhandisi kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973, aliyetaka shahada hiyo alikwenda Nairobi au ng'ambo. Akishahitimu, alikwenda penye kazi, kama vile Kidatu, palipoanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Nyumbani alirudi likizo.

Mkoa wa Ruvuma ulipopata nafuu, haikutoka kwenye makaa. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole, wilaya ya Songea, walipata mtambo wao wa maji wa Tulila katika mto Ruvuma, wa megawati 5, wakawa wanaiuzia TANESCO umeme. Mwaka 2019 ikazinduliwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Makaa ya Ngaka yalikuwa yakisafirishwa kwenda viwanda vya saruji.

Basi kijana anayeanza kazi hii asihesabu tani zilizo ardhini tu. Apime mto wakati wa kiangazi, si masika peke yake. Ajue gharama ya nguzo hadi nyumba ya mwisho kule Liuli, ufukweni, na mvuvi wa nyumba ile ataweza kulipa kiasi gani kwa mwezi. Masista wa Chipole walianzia kwenye mto uliokuwa karibu nao. Mhandisi akianzia hapo, huenda akapata sababu ya kurudi nyumbani kufanya kazi, si likizo tu.