Neno la Jikoni na la Utumwa

Juzi nilikuwa natafsiri hadithi yangu kwa Kiingereza nikakwama kwenye neno "sugu". Mhusika wangu kapigwa na maisha mpaka haumii tena. Basi nikafungua kamusi.

"Callous" lilinifurahisha: limetoka Kilatini, kwenye ngozi ngumu, yaani sugu ileile ya kiganjani mwa mshika jembe. Kumbe Warumi nao waliwaza kama sisi! "Inure" limetokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kazi. Uifanyayo kila siku utaizoea. Sawa.

Lakini "season", jamani! Mzizi wake ni kupanda mbegu. Likaja kuwa majira, likaingia jikoni kwenye viungo, likaenda kwa seremala kwenye mbao zinazokaushwa kabla ya kupigwa randa. Halafu wenye mashamba ya miwa kule Jamaika wakalivisha watu. Mwafrika akishushwa melini, mwaka wake wa kwanza, hata mitatu, uliitwa "seasoning". Alipewa jina jipya, akakabidhiwa watumwa wa zamani wamfunze kazi, na mjeledi ukamfunza yaliyobaki. Wengi mno walikufa humo kwa kuhara na homa. Aliyesalimika bei yake ilipanda, kama ubao mkavu.

Mwaka 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo ya watumwa. Neno lenyewe lipo. Hata mchezaji mpira mzoefu huitwa "seasoned", eti kumsifu.

Mhusika wangu nimempa "inure".