Jongo, ugonjwa uliosemwa hauko kwa Waafrika

Mtu amelala mzima. Saa nane za usiku anaamka, kidole kikubwa cha mguu kimevimba na kinawaka moto, hata shuka likigusa anapiga kelele. Katika mitaa ya Bunia na katika kambi za waliohama vita, hakosekani wa kusema: amekanyaga dawa ya mtu. Asubuhi jirani anaanza kutazamwa vibaya.

Maumivu hayo mara nyingi ni jongo, ambao hospitalini unaitwa goutte kwa Kifaransa. Wagiriki waliujua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini wakati wa ukoloni, waganga wengi wa Kizungu waliuona kuwa ugonjwa wa matajiri wa Ulaya. Mwafrika, walisema, haupati. Mwaka 1947 Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika katika jarida la waganga wa Afrika Mashariki habari ya Mnyarwanda mmoja mwenye jongo. Mgonjwa mmoja tu, na ilikuwa habari ya kuchapishwa! Ni vigumu kuamini alikuwa peke yake. Asiyetafuta haoni.

Chanzo chake kilikuwa kimeshajulikana. Mwaka 1848, Alfred Garrod wa London alionyesha kwamba damu ya wagonjwa hao ina asidi ya yuriki nyingi. Figo zisipoitoa vya kutosha kwa mkojo, inaganda ndani ya kiungo kama sindano ndogo sana. Mwaka 1961 Wamarekani wawili, McCarty na Hollander, walizitambua sindano hizo kwa darubini maalumu, katika maji yaliyovutwa kwenye viungo vilivyovimba. Mpaka leo hakuna kipimo cha hakika kuliko hicho.

Darubini hiyo haipatikani katika kila labo, basi wengi wanapimwa damu tu. Na damu inaweza kudanganya: siku za maumivu makali asidi inaweza kuonekana ya kawaida. Inafaa kupima tena baada ya wiki mbili hivi. Ndiyo maana mganga anauliza sana: ilianza ghafla? Ilishakuja zamani ikapona yenyewe? Unakunywa pombe? Unameza dawa ya presha inayokojoza? Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo anagusa joto na kutazama kama ngozi inang'aa.

Kama kuna homa pamoja na uvimbe, kiungo kinaweza kuwa na usaha. Huyo apelekwe hospitali siku ileile.