Ramani ya mwaka 2025 na misitu iliyo chini ya vilele

Mwaka 2025 umekwisha, na pamoja nao umefika ukomo wa utabiri ambao Watanzania wengi hawakuusikia ingawa ulihusu maji yao, kuni zao na mashamba yao. Katika mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2007, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo kadhaa vya Uingereza walichora Milima ya Tao la Mashariki itakavyokuwa robo karne baada ya mwaka 2000. Walichora ramani mbili, na zote walizipa majina ya Kiswahili. Matazamio Mazuri ilionyesha nchi ambayo sera zake za misitu zinatekelezwa. Kama Kawaida ilionyesha nchi inayoendelea kukata kama ilivyozoea. Walichukua nyaraka za sera na maoni ya maofisa na wadau, wakayageuza kuwa kanuni: shamba jipya hufunguliwa zaidi karibu na barabara na penye watu wengi, na msitu wenye ulinzi hukawia kukatwa. Kompyuta ikazitumia kanuni hizo kipande kwa kipande cha ardhi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Katika Kama Kawaida, kaboni iliyohifadhiwa kwenye miti ilipungua vibaya.

Modeli za namna hii zisipimwe kwa kupatia au kukosea mwaka. Thamani yake ni kuonyesha kwamba foleni yetu ya kulinda misitu imepangwa kinyume: vilele mbele, misitu ya chini nyuma. Wajerumani, waliojenga kituo chao cha utafiti wa kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki ya Tao hilohilo, mwaka 1902, walianza kutenga misitu kwa ajili ya vyanzo vya maji, na Waingereza wakaendeleza. Baada ya Uhuru magogo ya Usambara Mashariki yalivunwa kwa mashine kwa msaada wa Finland, hadi kelele za wanasayansi katika miaka ya 1980 zikausimamisha uvunaji huo. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, ikiwa na hekta 8,380. Ni historia ya kujivunia, na Tanga inayokunywa maji ya Mto Zigi inajua faida yake. Lakini historia hiyo ilitanguliza vilele.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upotevu wa misitu ya Tao kwa kila ngazi ya mwinuko, na takwimu zake zingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya misitu. Tao lote lilikuwa limepoteza robo ya msitu wake tangu mwaka 1955. Juu ya mita 1,800, upungufu katika kipindi hicho ulikuwa asilimia 6 tu. Kati ya mita 800 na 1,200 ulikuwa asilimia 57, na ukihesabu tangu enzi za kale, ukanda huo ulikuwa umebakiwa na takriban asilimia 7 ya msitu wake. Mti ambao hauoti kwingine duniani ila katika ukanda huo hauokolewi na kilele cha kijani kilicho juu yake. Kati ya aina 123 za miti ya Tao isiyoota kwingine zilizochunguzwa, 98 zilistahili kupandishwa daraja la hatari ya kutoweka.

Hata hivyo ramani nzuri inaweza kumwumiza mtu, na Derema ni ushahidi. Msitu huu wa Usambara Mashariki unaiunganisha Amani na misitu iliyo kaskazini mwake, kwa hiyo kwa mwanasayansi yeyote ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Ila chini ya kivuli cha miti ile wakulima wa vijiji kama Kwezitu na Msasa IBC walikuwa na iliki, zao lililowapa fedha taslimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipaka ikawekwa, mimea ikahesabiwa, na zaidi ya wakulima 1,000 wakaambiwa wasubiri fidia. Walisubiri miaka. Malipo yalikamilika mwaka 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia, na malalamiko hayakuisha: iliki huvunwa mwaka baada ya mwaka, ilhali fidia hulipwa na kwisha. Ardhi mbadala ilitafutwa katika lililokuwa shamba la mkonge huko uwandani Muheza, mbali na baridi na kivuli ambacho iliki inakihitaji. Watafiti waliorudi Derema baadaye walikuta mzigo haukugawanyika sawa. Wenye kidogo ndio walioumia zaidi.

Wapo wanaosema Derema inatosha kuzikataa ramani hizi: ni hesabu za watu wa mbali, zinazoona majani na haziwaoni wakulima. Hoja hiyo ina uzito, lakini imekosea shabaha. Kilichokosekana Derema ni gharama ya mkulima kuingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo, pamoja na maji na kaboni. Modeli inaweza kubeba gharama hiyo; mpaka uliochorwa kwa mazoea haukuwahi kuiuliza. Wengine husema mustakabali hautabiriki. Ni kweli hautabiriki wote, lakini ukataji una njia zake. Watafiti waliopima misitu inayoizunguka Dar es Salaam waliona uharibifu ukitoka mjini kwa mawimbi, mbao za thamani zikitangulia na mkaa ukifuata. Kati ya mwaka 1991 na 2005 wimbi la mbao lilisonga takriban kilomita 9 kila mwaka, hadi kilomita 120 kutoka jijini. Jambo linalotembea kwa mwendo huo linaweza kungojewa njiani.

Kwa hiyo Wakala wa Huduma za Misitu na vyuo vilivyochora ramani zile mbili waziweke hadharani, wilaya kwa wilaya, kando ya picha za setilaiti za mwaka 2025. Muheza ingefaa iwe ya kwanza, na mezani wawepo wenyeviti wa vijiji vyenye misitu ya mwinuko wa chini ambayo bado haijawekewa mpaka. Bei ya iliki, muda wa malipo na ardhi ya kuhamia viandikwe kwenye ramani ileile inayotaja miti, kabla kigingi cha kwanza hakijapigwa.