Pipa ni moja, maumivu tofauti

Agosti 2022 bei ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita, na hiyo ni baada ya serikali kuweka ruzuku. Wiki hiyo nilikuwa nazunguka kwenye masheli kutafuta habari. Dereva mmoja wa daladala, mtu mzima wa rika la baba yangu, akanidaka kabla sijafungua daftari. "Mwanangu, wewe umesoma. Hivi huko Marekani nao wanalia kama sisi?" Nikamjibu harakaharaka kwamba dunia nzima inalia, mzee, vita ya Ukraine imepandisha kila kitu. Akacheka, akawasha gari, akaondoka.

Jibu lile lilikuwa la uvivu na limenikera tangu siku ile. Ni kweli kila mtu alilia, lakini hawakulia kilio kimoja, na sababu zake ni za muda mrefu kuliko vita ya Ukraine. Leo nalipa deni la yule mzee.

Tuanze na hesabu yake. Marekani bei ya wastani ya petroli ilivunja rekodi Juni 2022: dola 5.02 kwa galoni. Galoni ya kwao ni lita 3.785, kwa hiyo lita moja ilikuwa kama dola 1.33. Kwetu mwezi Agosti, shilingi 3,410 kwa dola ya shilingi 2,330 hivi, unapata kama dola 1.46. Yaani dereva wa Mbagala alilipa kwa lita kuliko dereva wa Ohio alivyolipa siku yake mbaya kuliko zote. Vipato vyao tusivilinganishe, tutaharibu siku bure.

Na mbona wao wafike kileleni Juni, sisi Agosti? Kwa sababu bei ya kwetu huja na meli. Mafuta yananunuliwa, yanapakiwa, yanasafiri, yanashushwa Kurasini au Kigamboni, ndipo Ewura wanapotangaza bei kikomo ya mwezi. Soko la dunia likipoa leo, sisi bado tunanunua homa ya mwezi mmoja au miwili iliyopita.

Sasa turudi nyuma kabisa. Dereva wa kawaida duniani alianza kujua neno "mgogoro wa mafuta" Oktoba 1973. Tarehe 6 vita ilizuka kati ya Israel kwa upande mmoja na Misri na Syria kwa upande mwingine. Tarehe 16 nchi za Ghuba zikapandisha bei yao rasmi kwa asilimia 70, hadi dola 5.12 kwa pipa. Siku iliyofuata Waarabu wakatangaza kupunguza uzalishaji, kisha wakaikatia mafuta Marekani na baadhi ya rafiki zake, Uholanzi ikiwamo. Ilipofika Januari 1974 bei rasmi ilikuwa dola 11.65. Pipa lile lile lililouzwa kwa dola 3 kabla ya vita!

Angalia kila nchi ilivyolipokea pipa hilo. Uholanzi ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, watu wakatembea na baiskeli kwenye barabara kuu. Ujerumani Magharibi nayo ikafuata kwa Jumapili nne. Uingereza ilichapisha vitabu vya mgao wa petroli, ingawa haikuvitumia. Marekani bei ilipanda kutoka wastani wa senti 39 kwa galoni mwaka 1973 hadi senti 53 mwaka 1974. Kwa macho ya leo ni vichekesho, lakini Mmarekani alikuwa hajazoea. Foleni zilizunguka mitaa, majimbo mengine yakaweka utaratibu wa namba za gari, shufwa leo na witiri kesho, na Januari 1974 Rais Nixon akasaini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa.

Kwa nini Mmarekani alishtuka hivyo? Hapa ndipo penye siri ya jambo lote. Petroli unayonunua ina vitu vitatu ndani yake: mafuta yenyewe, gharama za kuyafikisha kwako, na kodi. Marekani kodi ni nyembamba. Kodi ya serikali kuu ilikuwa senti 4 kwa galoni wakati ule, na tangu 1993 ni senti 18.4, haijaguswa. Ulaya kodi ni nene. Pale ambapo kodi ni nyembamba, pipa likitikisika mteja anatikisika nalo. Pale ambapo kodi ni nene, bei ni kubwa kila siku, lakini kodi hiyo hiyo inafanya kazi ya godoro: pipa linaanguka juu yake na kishindo kinapungua.

Mfano mzuri ni miaka ya 2002 hadi 2008. Mwaka 2002 pipa lilikuwa kama dola 25. Julai 2008 likagusa dola 147, karibu mara sita. Marekani petroli ilitoka wastani wa dola 1.36 kwa galoni hadi dola 4.11: mara tatu. Uingereza ilitoka kama pensi 73 kwa lita hadi pensi 119: mara moja na nusu na kidogo. Paundi yao ilikuwa na nguvu kipindi hicho, hilo liliwasaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na kodi. Mwingereza alikuwa ameshazoea kulipa ghali, hivyo hakuona ajabu sana.

Msidhani basi kwamba Mwingereza hana hasira. Hasira yake ameielekeza kwingine. Kuanzia 1993 serikali yao ilikuwa ikiongeza kodi ya mafuta kila mwaka kuliko mfumuko wa bei. Septemba 2000 madereva wa malori na wakulima wakazingira viwanda vya kusafishia mafuta na maghala, wakianzia Stanlow, na ndani ya wiki moja vituo vingi nchini vikakauka. Mmarekani akilia anawatukana Waarabu na makampuni. Mwingereza akilia anamtukana waziri wake wa fedha. Mfaransa alifanya hivyo hivyo Novemba 2018, alipovaa kizibao cha njano na kuziba mizunguko ya barabara kwa ajili ya kodi ya dizeli.

Kuna kundi la tatu, nalo ndilo lenye visa vya kusikitisha zaidi: nchi zenye mafuta ambazo zimewaahidi wananchi petroli ya bei ya bure. Kule bei haipandi miaka na miaka. Halafu siku moja inapanda yote kwa mpigo.

Venezuela ni mfano. Februari 1989 Rais Carlos Andrés Pérez, hata mwezi hajamaliza madarakani, alikubali masharti ya IMF na bei ya petroli ikapandishwa mara mbili. Hata baada ya kupanda bado ilikuwa kati ya bei rahisi duniani. Lakini asubuhi ya tarehe 27, abiria wa mji wa Guarenas wanaokwenda kazini Caracas walikuta wenye mabasi wamepandisha nauli kuliko asilimia 30 iliyoruhusiwa. Ugomvi ukaanzia vituoni, ukaingia Caracas, maduka yakavunjwa, jeshi likaitwa. Serikali ilihesabu maiti zaidi ya 270, na wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo. Naomba mlishike hilo: moto ule haukuwashwa na wenye magari. Uliwashwa na watu waliokuwa wamesimama kituoni na nauli mkononi.

Nigeria nayo. Tarehe 1 Januari 2012, siku ya mwaka mpya, serikali iliondoa ruzuku na petroli ikaruka kutoka naira 65 hadi kama naira 140 kwa lita. Nchi ikagoma kuanzia tarehe 9, na tarehe 16 serikali ikarudi nyuma hadi naira 97. Nchi inachimba mafuta ghafi kuliko karibu nchi zote za Afrika, lakini kwa miaka mingi viwanda vyake vya kusafishia vilikuwa hoi na petroli ilitoka nje kwa meli, kama kwetu. Ruzuku ikaondolewa tena Mei 2023, siku Rais Tinubu anaapishwa, na safari hii bei ikapaa bila kurudi.

Linganisha na Norway. Nao wana mafuta tele, lakini dereva wao analipa bei za juu kabisa barani Ulaya. Walichoamua ni kuuza mafuta yao, kuweka hela kwenye mfuko wa taifa ulioundwa 1990, na kumtoza dereva kodi kama kawaida. Venezuela iligawa utajiri wake kupitia pampu, kwa hiyo mwenye gari kubwa alipata mgao mkubwa na asiye na gari alipata nauli nafuu tu. Norway waligawa kwa njia nyingine.

Na sisi? Sisi hatukuwa na mafuta ghafi ya kugawa wala utajiri wa kununua godoro. Tulikuwa na kiwanda cha TIPER pale Kigamboni tangu miaka ya 1960 na bomba la TAZAMA la kwenda Ndola, Zambia, tangu 1968, lakini mafuta ghafi yote yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, yaani kwa mkonge, pamba na kahawa. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipopandisha pipa tena hadi zaidi ya dola 30, yalitukuta tunatoka vitani na Idi Amin, hazina haina kitu. Kwa nchi kama yetu swali lilikuwa moja: yapo au hayapo? Waulizeni wazazi wenu kuhusu miaka ya mwanzo ya 1980, magari binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Waholanzi walifanya hivyo kwa wiki chache. Sisi tuliishi nayo.

Siku hizi bei ndiyo inayopanga foleni badala ya askari. Soko likafunguliwa, na tangu Januari 2009 Ewura inatangaza bei kikomo. Agosti 2011 Ewura iliposhusha bei, wafanyabiashara walificha mafuta na Dar ikasimama siku kadhaa. Lakini kisa cha mwaka huo kinachoniuma mimi ni kingine. Mnakumbuka neno "kuchakachua" lilivyotamba? Lilitokana na mafuta. Kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wajanja waliyachanganya na dizeli na kuuza sheli, magari ya watu yakafa injini. Serikali ikaja na dawa kwenye bajeti ya 2011: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Uchakachuaji ukapungua kweli, na sisi wa mjini tukapiga makofi. Bili ya dawa hiyo alipelekewa bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki injini hata ya baiskeli ya miguu mitatu.

Hapo ndipo historia yote hii inapokutana. Pipa likipanda, hasara lazima ibebwe na mtu. Mmarekani anaibeba papo hapo kwenye pampu. Mwingereza ameshaibeba kidogokidogo kwenye kodi. Mvenezuela na Mnigeria walikopeshwa na serikali zao, wakaja kudaiwa siku moja. Kwetu sisi hasara husukumwa chini, kutoka kwa mwagizaji kwenda kwa mwenye sheli, kwa tajiri mwenye gari, kwa dereva ambaye hesabu ya tajiri haipungui hata mafuta yakipanda, mpaka inapomkuta mtu ambaye hana wa kumsukumia.

Mtu huyo ni abiria. Mei 2022 nauli ya daladala za Dar kwa safari fupi ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Petroli ilifika 3,410 Agosti, kisha ikashuka chini ya 3,000 kabla mwaka haujaisha. Nauli haikushuka. Desemba 2023 ikawa 600. Bei ya mafuta hupanda na kushuka, lakini nauli inajua njia moja tu.

Kwa hiyo mzee wangu, popote ulipo na Coaster yako, jibu ni hili. Marekani wanalia ndiyo, lakini wanalia wakiwa wameshika usukani wa magari yao wenyewe. Kwetu wewe unayeshika usukani unalia kidogo, na mwenye kilio chenyewe amesimama nyuma yako, kaning'inia kwenye bomba, anahesabu kama chenji iliyobaki itamrudisha nyumbani jioni. Siku nyingine nikija na daftari langu sheli, nitakuhoji wewe. Halafu nitapanda gari lako nimhoji na yeye.